Ute wa Jicho Unapobanduka: Mhadhara wa Chake Chake

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu wa Pemba. Nyuma ya lenzi ya jicho mna ute mwangavu wa ujazo wa mililita 4 hivi, ambao karibu wote ni maji, yaliyoshikamanishwa na nyuzi nyembamba za kolajeni. Umri ukisonga, ute huo huyeyuka kidogo kidogo, husinyaa, na mwishowe hubanduka kutoka kwenye retina, yaani utando unaopokea nuru nyuma ya jicho. Aghalabu hutokea baada ya miaka 50, ingawa huwahi zaidi kwa wasioona mbali vizuri na kwa waliopasuliwa mtoto wa jicho.

Kubanduka huko peke yake si maradhi. Mtu huona nzi au utando wa buibui ukielea mbele yake, na mchumaji wa karafuu aliye juu ya mti huupunga mkono akidhani ni wadudu wa kweli. Kisha huja vimulimuli pembeni mwa jicho, hasa gizani. Wapo wanaosema ni jini, nami siwacheki, kwani mwanga usio na taa unatisha. Lakini chanzo chake ni ute unaoivuta retina pale ulipong'ang'ania, na retina, kwa kuwa haihisi maumivu, hujibu kwa lugha pekee inayoijua, nayo ni mwanga.

Mvuto huo ukizidi, retina huchanika. Katika kila watu 10 wanaofika kwa daktari dalili zikiwa mpya, mmoja hivi hukutwa na mchaniko, na hofu huwa kubwa zaidi iwapo mshipa wa damu umekatika na mgonjwa anaona kama masizi yanamwagika. Maji hupenya kwenye mchaniko, yakaibambua retina kama chokaa inavyobambuka ukutani wakati wa masika, na pazia jeusi likaanza kufunika upande mmoja wa jicho.

Jules Gonin, daktari wa Lausanne nchini Uswisi, alionyesha miaka 100 hivi iliyopita kwamba retina hairudi mahali pake mpaka mchaniko uzibwe. Leo mchaniko ulioonekana mapema huzungushiwa leza, kazi ya dakika chache. Retina ikishabambuka, dawa ni upasuaji, na iwapo sehemu ya kati tunayosomea bado imeshika, hata siku moja ina thamani.

Wengine hupata athari ya polepole: utando mwembamba huota juu ya sehemu hiyo ya kati, na mistari ya msahafu ikaonekana imepinda.

Kinachowaponza wengi ni kwamba jicho haliumi, basi hununua matone dukani, ambayo mchaniko hayauzibi. Anayestahili kuonwa ni daktari atakayetanua mboni na kuikagua retina hadi pembezoni. Asipoona mchaniko, bado mgonjwa arejee baada ya wiki 4 hadi 6, au siku hiyohiyo dalili zikiongezeka.

Na aliyepasuliwa Dar es Salaam akawekewa gesi jichoni ya kuishikilia retina mahali pake, asirudi Pemba kwa ndege, kwani gesi hutanuka angani na shinikizo lake laweza kumpofusha. Apande boti, mpaka daktari aliyempasua aseme gesi imekwisha.