Kengele za Uongo kwenye Kompyuta ya Mzee

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Leo tunazungumza jambo moja tu: yale matangazo mekundu yanayomwambia mama au ami kwamba kompyuta yake imeingia virusi na kila kitu kitafutika. Wengi wenu hapa Chake Chake ndio mnaoitwa yanapotokea, na mkifika, shauri la kwanza huwa mashine ipelekwe kwa fundi ikapigwe Windows mpya. Mara nyingi hakuna haja.

Itazameni taarifa yenyewe kwa karibu. Inachomoza pembe ya kulia chini, ina alama ya hatari, ina jina la programu maarufu ya kuzuia virusi. Lakini someni yale maandishi madogo: mtakuta jina la Chrome, yaani kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, na pembeni yake anwani ya tovuti msiyoijua. Basi hicho si kirusi. Ni tovuti iliyopewa ruhusa ya kutuma taarifa, siku mzee alipoambiwa abonyeze Allow ili kuthibitisha kuwa yeye si roboti. Kuiskani mashine hakutaiondoa, kwa sababu hakuna faili la kukamatwa. Kinachotakiwa ni kuifuta ruhusa.

Fungueni Chrome, bonyezeni vidoti vitatu juu kulia, ingieni Settings, Privacy and security, Site settings, kisha Notifications. Mtaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Kwa kila msiyoitambua chagueni Block, msichague Remove, maana ukiiondoa tu, kesho itarudi kuomba tena. Hapo hapo chagueni tovuti zisiruhusiwe kutuma taarifa kabisa. Mzee hatapungukiwa na kitu.

Aina ya pili inajaza kioo kizima, inapiga kelele, na inaweka namba ya simu. Onyo la kweli la Microsoft haliwekwi namba ya simu hata siku moja. Shikilieni Esc mpaka kioo kirudi, kisha Alt na F4. Ikigoma, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja, chagueni kivinjari, End task. Mkikifungua tena kikauliza kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi, kataeni, au mtaikaribisha upya.

Kama mzee amekwisha kupiga simu na kumwachia mtu aingie kwenye mashine, hapo mambo ni mengine. Kateni intaneti kwanza, ondoeni programu aliyowekewa, badilisheni nywila kwa kutumia kifaa kingine, na benki waarifiwe siku ile ile. Ndiyo maana nawaombeni sana, msimkaripie mzee kwa kumuuliza "umebonyeza nini?" Akiona haya atanyamaza, na hilo la simu hamtalijua mpaka pesa zishaondoka.

Lipo onyo jengine linalowachanganya wengi, na hili ni la kweli ingawa si kirusi: kila tovuti inasema muunganisho si salama. Tazameni tarehe ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya ndani imekufa. Wazee wengi huchomoa waya ukutani kila usiku kwa kuogopa umeme kurudi kwa nguvu, na wana haki. Lakini mashine ikichomolewa, saa yake huendeshwa na betri hiyo peke yake, na baada ya miaka kadhaa huisha. Tarehe ikikosea, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havifai.

Kwenye kompyuta ya mezani ni betri ya duara, CR2032, volti 3. Chomoeni waya, fungueni ubavu, sukumeni kishikizo chake, tieni mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu. Laptopu nyingi betri yake ina waya na plagi, hiyo mwachieni fundi. Kisha wekeni tarehe sawa, na ile tovuti iliyokuwa ikikataa ifungueni tena mwenyewe akiwa amekaa hapo anaona.