Kompyuta mbili, Wi-Fi moja, lakini hazionani

Karibuni. Leo tuna kompyuta mbili za Windows, zote zinafungua intaneti bila shida, ila ukitaka kuhamisha faili kutoka moja kwenda nyingine, hazionani. Tafadhali usianze kugusagusa mipangilio. Tujue kwanza mawasiliano yanakwama wapi.

Kwenye kila kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, piga Enter. Kidirisha cheusi kikifunguka, andika ipconfig, kisha tazama mstari wa IPv4 Address, yaani anwani ya kompyuta hiyo kwenye mtandao, chini ya Wi-Fi. Tuseme ya kwanza ni 192.168.1.10 na ya pili 192.168.1.14. Zinafanana mpaka nukta ya tatu, kwa hiyo ziko pamoja. Moja ikisoma 192.168.0, huenda iko kwenye ruta (kifaa kinachotoa Wi-Fi) ya pili au Wi-Fi ya wageni. Zirudishe zote kwenye Wi-Fi moja. Ukikuta 169.254, haijapewa anwani na ruta. Katisha Wi-Fi, unganisha upya. Ikigoma, zima ruta na kuiwasha.

Sasa, ukiwa kwenye ya kwanza, andika ping 192.168.1.14, yaani piga hodi kwenye anwani ya ile ya pili. Soma jibu neno kwa neno, maana linakuambia pa kwenda.

Likisema "Destination host unreachable", angalia limetoka wapi: 192.168.1.10, yaani kompyuta yako mwenyewe. Imeita, hakuna aliyeitika. Hakikisha ya pili haijalala. Kama iko macho, ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute AP Isolation, uizime. Hiyo huzuia vifaa vya Wi-Fi kuongea vyenyewe kwa vyenyewe huku intaneti ikiendelea kama kawaida, ndiyo maana ni vigumu kuishtukia.

Likisema "Request timed out", mara nyingi hodi imefika ila mlango umefungwa: fayawoli ya kompyuta ya pili, yaani kinga inayozuia mawasiliano yanayotoka nje. Usiizime yote! Kwenye kompyuta hiyo ya pili, kama ni Windows 11, nenda Settings, Network & internet, fungua properties za Wi-Fi yako, chagua Private network. Rudi nyuma, ingia Advanced network settings, kisha Advanced sharing settings, washa File and printer sharing. Kama kuna VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri), izime ujaribu tena.

Ping ikijibu, fungua File Explorer na juu kabisa andika \\192.168.1.14. Ikiomba nenosiri, weka la akaunti iliyo kwenye kompyuta ya pili. PIN ya kufungulia skrini haikubaliki hapo.