Mti Uliopitiliza Kitaluni: Kutoka Metasekwoya hadi Mkwaju

MPWA: Shikamoo Mjomba, na karibuni wasikilizaji wetu. Leo tumeketi uani, hapa Chumbageni, Tanga, na mbele yetu upo mkwaju nilioununua katika kitalu kimoja njia ya Muheza. Ulikuwa umeachwa pembeni kwa sababu hakuna aliyeutaka tena: umerefuka kunizidi, matawi yake yote yako juu, na mizizi ilikwisha kutoboa kiriba na kuingia ardhini. Ninataka kuugeuza uwe bonsai, yaani mti wenye umbo la utu uzima unaoishi katika chungu kifupi, lakini Mjomba ameniambia kwamba kabla sijashika msumeno nisikilize kwanza habari za mti mwingine, wa mbali, uitwao metasekwoya.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Nimeuchagua mti huo kwa sababu ndio ulionifundisha kazi hii. Nilipokuwa nikifanya kazi katika kitalu nchini Uingereza, tulikuwa na safu ya metasekwoya zilizokaa vyunguni miaka mingi kupita kiasi, zenye urefu wa mita 3 na mashina yaliyonenepa chini kama mkono wa mtu mzima. Mnunuzi wa bustani hakuzitaka, kwa kuwa mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya chungu. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza bonsai alizitazama na kusema kwamba ule unene wa shina ndio mali yenyewe, kwa sababu mche mdogo ukiuweka katika chungu kifupi tangu mwanzo, unene huo utausubiri kwa miongo.

MPWA: Tuelezee kwanza ni mti wa namna gani.

MJOMBA: Ni ndugu wa mbali wa mtarakwa unaoota katika milima ya Usambara, ila majani yake hupukutika yote wakati wa baridi na kuchipuka upya majira ya joto yanapokaribia. Mwaka 1941 mtaalamu wa Kijapani, Shigeru Miki, aliueleza kutokana na visukuku tu, na ilidhaniwa kwamba ulikwisha kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 ikabainika kwamba upo hai huko Uchina, katika mabonde ya mpakani mwa Hubei na Sichuan, ambako wenyeji walikuwa wakiufahamu siku zote, na chini ya mmoja wa miti hiyo palikuwa na kijumba cha ibada. Hu Xiansu na Zheng Wanjun waliupa jina la Metasequoia glyptostroboides mwaka 1948, na mbegu zilizopitia Bustani ya Arnold nchini Marekani zikasambazwa katika nchi nyingi. Kila niliposhika mche wa mti huo nilikuwa nikiyakumbuka hayo, na mkono wangu ulitulia.

MPWA: Na kwa nini unafaa kukatwa mfupi?

MJOMBA: Kwa sababu huchipua hata kwenye shina tupu, lililozeeka, ambalo halina jani hata moja. Ukiukata mwishoni mwa baridi, vichomozo vikiwa bado vimelala, baada ya wiki kadhaa shina lote litajaa chipukizi. Wakati ule ule, kwa kuwa mti umelala na hauna majani ya kulisha, unaweza kupunguza mizizi siku hiyohiyo. Tulikuwa tukiukata juu kidogo ya pale tulipokusudia, kwa kuwa hakuna ajuaye chipukizi itatokea wapi. Ikishatokea iliyo mahali pazuri, tunaichagua iwe kilele kipya, kisha tunakata tena kwa mshazari, kuanzia nyuma ya chipukizi ile kwenda chini, ili jeraha lifuate mwelekeo wa shina na gome lipate kulifunika.

MPWA: Baada ya hapo unaipogoa ile chipukizi ibaki fupi?

MJOMBA: Hapana, na hapa ndipo watu wengi huharibu kwa haraka yao. Unaiacha ipae inavyotaka, msimu mzima au miwili, mpaka unene wake pale inapoanzia ukaribie ule wa jeraha. Mti mkubwa wa porini huwa mnene chini na hupungua kidogo kidogo kwenda juu, na sisi tunaujenga mpunguo huo kwa kukata, kuacha ukue, na kukata tena. Matawi ya metasekwoya hupenda kuelekea juu, kwa hiyo tuliyafunga waya wa aluminiamu na kuyalaza, lakini mti ule hukua upesi mno, na waya ukisahauliwa huzama ndani ya gome na kuacha alama isiyofutika kwa urahisi. Maji nayo ni suala lingine: ni mti wa mabonde yenye unyevu, na chungu kikikauka siku moja ya jua kali majani huungua.

MPWA: Mbona basi hukurudi na mche wake? Lushoto kuna baridi.

MJOMBA: Baridi ya Lushoto ni ya mtu kuvaa sweta. Metasekwoya inataka miezi ya kulala kabisa, na hapa pwani usiku wa Januari unaujua ulivyo. Nisingependa kuuleta mti nikautazama ukidhoofika mwaka hadi mwaka. Nilirudi na ujuzi tu, na ujuzi wenyewe ulinigharimu. Mti wa kwanza nilioukata hapa Tanga ulikuwa mvinje, uliopitiliza kiribani kama huu wako, wenye shina zuri na gome lililoanza kupasuka. Niliuona una majani membamba kama sindano, nikauchukulia kama metasekwoya, nikaukata chini ya majani yote. Niliumwagilia miezi mitatu. Haukutoa chipukizi hata moja. Mvinje hauchipui kwa urahisi kwenye shina tupu lisilo na majani. Lazima uache tawi bichi chini ya mahali unapokata, nao hufupishwa kwa hatua. Ulikuwa mti wenye afya na mimi ndiye niliyeuua, na mpaka leo inaniuma.

MPWA: Pole, Mjomba. Na mkwaju?

MJOMBA: Mkwaju kwa jambo hilo unafanana na metasekwoya kuliko mvinje, kwani huchipua hata kwenye shina la zamani. Haupendi kutuama kwenye maji, basi udongo wake tutauchanganya na changarawe nyingi. Haya, umeweka wapi alama ya kukata?

MPWA: Shina lina sentimita 6 hapa chini. Uliniambia kwamba urefu wa bonsai iliyomalizika huwa kama mara sita ya unene huo, na mkato wa kwanza huwa kwenye theluthi yake. Nimepata sentimita 12, nikaweka alama ya chaki.

MJOMBA: Umepima kuanzia wapi?

MPWA: Kuanzia kwenye udongo.

MJOMBA: Udongo wa kiribani uliwekwa na mtu, mwanangu, na kila mche ulipohamishwa uliongezwa mwingine juu. Mti unaanzia pale mizizi inapotawanyika. Chukua kijiti ufukue taratibu kulizunguka shina.

MPWA: Kuna mzizi hapa… huu umelizunguka shina kama kamba.

MJOMBA: Huo utalinyonga kadiri linavyonenepa. Ukate kwa mkasi pande zote mbili na uutoe. Endelea chini.

MPWA: Nimefika vidole vinne, na sasa naiona: mitatu upande huu, mmoja mnene nyuma, na shina limetanuka kuliko pale juu.

MJOMBA: Pima unene hapo.

MPWA: Sentimita 8.

MJOMBA: Basi urefu uliokuwa ukiufikiria umebadilika, na uso wa mti pia umebadilika, kwa sababu upande wenye mizizi mitatu ndio utakaotazamwa. Futa chaki yako. Nane mara sita ni arobaini na nane, na theluthi yake ni kumi na sita, lakini sasa utapima kuanzia kwenye mizizi.

MPWA: Alama mpya imeangukia chini ya ile ya kwanza. Nikate?

MJOMBA: Wengine hukata juu na chini kwa siku moja, na mkwaju wenye nguvu huvumilia. Mimi sipendi, kwa kuwa huu haujalala kama metasekwoya ya majira ya baridi. Una majani na unafanya kazi. Leo tutakata mzizi mkuu na hii inayojizungusha, tupunguze nusu ya matawi ya juu ili majani yasidai maji ambayo mizizi haiwezi kuyaleta, kisha tuuweke katika kasha pana la mbao. Mvua za masika zimeanza, zitatusaidia. Ukishatoa majani mapya na kuyakomaza, ndipo utaleta msumeno.

MPWA: Nimeshaandaa kasha, liko pale chini ya mwembe.

MJOMBA: Uchukue kwa kuukumbatia udongo wote, usiuvute kwa shina.