Huduma ya WireGuard Imewaka, Lakini Data Haipiti

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo narekodi nikiwa Kibaigwa, kwenye ghala la mahindi, ambako kompyuta ndogo ya Linux huunganishwa na seva yetu ya Dodoma mjini kwa WireGuard, programu ya VPN inayofungua njia ya siri kupitia intaneti, inayojiwasha yenyewe kama huduma ya mfumo. Usiku umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka lakini mawasiliano hayakurudi.

Anzeni na amri systemctl status wg-quick@wg0 (wg0 ni jina la muunganisho wetu). Mtaona maandishi ya kijani, active (exited), na hapa ndipo wengi hudanganyika, kwani hali hiyo humaanisha tu kwamba skripti ya kuanzisha ilimaliza kazi yake bila hitilafu. Kama ingekuwa failed, mngesoma sababu kwa journalctl -u wg-quick@wg0 -b.

Sasa andikeni sudo wg show. Tazameni kwa makini: mstari wa latest handshake, yaani mara ya mwisho pande mbili zilipotambuana, haupo kabisa, baiti zilizopokelewa ni 0, huku zilizotumwa zikizidi kuongezeka. Yaani tunapiga hodi na seva haiitikii. Amri hii huuficha ufunguo wa siri, hivyo picha yake mnaweza kumtumia fundi. Faili la mipangilio, wg0.conf, ambalo lina ufunguo huo, msimtumie mtu yeyote, nawasihi sana.

Kabla ya kugusa funguo au bandari ya 51820, yaani namba ya mlango wa mtandao unaotumiwa na WireGuard, angalieni saa kwa timedatectl. Kompyuta hii haina betri ya saa, na baada ya umeme kukatika imerudi nyuma saa kadhaa. WireGuard hubandika muhuri wa wakati kwenye kila ombi la kufungua mawasiliano, na seva hulipuuza kimya kimya ombi ambalo muhuri wake hauzidi ule wa mwisho iliouona, ili aliyenasa ombi la zamani asiweze kulitumia tena.

Hapa kuna fundo jingine: AllowedIPs, orodha ya anwani zinazopitishwa kwenye WireGuard, ni 0.0.0.0/0, yaani anwani zote za IPv4, kwa hiyo hata maombi ya kurekebisha saa hupelekwa kwenye njia ambayo haijafunguka. Simamisheni huduma kwa sudo systemctl stop wg-quick@wg0, subirini timedatectl ionyeshe System clock synchronized: yes, kisha iwasheni tena.

Ili lisijirudie, wezesheni systemd-time-wait-sync, huduma inayosubiri saa irekebishwe, halafu kwa sudo systemctl edit wg-quick@wg0 ongezeni, chini ya [Unit], mistari Wants=time-sync.target na After=time-sync.target, ili WireGuard iwake baada ya saa kurekebishwa.

Nimepingi seva: latest handshake imeonekana, baiti zinaingia. Sasa naizima kompyuta, nachomoa waya na kusubiri robo saa, nijiridhishe kabla ya kupanda basi la Dodoma.