Sinia Ibaki Duara: Kutoa Video za Nyumbani kwa Skrini Pana

Karibuni. Kabla hatujagusa programu yoyote, itazameni hii sinia. Ni harusi ya shangazi yangu, Umoja hapa Nairobi, mwaka 2006, na huyu anayeinua sinia tupu akiipangusa kabla ya chapati kupangwa ni nyanya yangu. Nasimamisha hapo. Mnaona? Sinia imekuwa yai lililosimama wima, na nyanya, aliyekuwa na mabega mapana, amekonda kama mwanzi. Amefariki, na hatuna video nyingine yake. Wajukuu wadogo watamjua kwa hii tu, ndiyo maana siwezi kuiacha hivi.

Kanda tulipeleka duka moja mjini, tukarudishiwa flashi na kila mtu amebanwa. Lakini picha yenyewe haijaharibika.

Iko hivi. Kamera za MiniDV, zile za kanda ndogo za dijitali, za mfumo wa PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Kenya, huandika kila fremu kwa pikseli (nukta za picha) 720 kwa 576, uwe ulirekodi kwa umbo la zamani la 4:3, yaani upana 4 kwa urefu 3, au kwa skrini pana ya 16:9. Idadi haibadiliki. Kinachotofautisha ni alama ndogo ndani ya faili inayoiambia televisheni ivute picha kwa upana kiasi gani. Faili ikibadilishwa na alama hiyo ikadondoka njiani, kompyuta inaonyesha 720 kwa 576 kama ilivyo, na watu wanabanwa. Kwa hiyo leo hatutaitegemea alama. Tutaivuta picha sisi wenyewe hadi 1024 kwa 576, kila pikseli iwe mraba. Gawanya 1024 kwa 576 utapata 1.78, na hiyo ndiyo 16:9.

Hatua ya kwanza, jua kanda yako ni ya umbo gani. Fungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ijaze skrini nzima, tafuta mahali penye kitu cha duara kilichoelekea kamera: sinia, saa ya ukutani, gurudumu la basi lililopigwa ubavuni. Simamisha. Chukua rula ya mtoto ya shule, pima. Hapa kwangu sinia ina urefu wa sentimita 6, upana 4.2. Sasa bonyeza herufi A. Kila ukibonyeza, VLC inabadilisha umbo na kuliandika kwenye skrini. Ikifika 16:9 napima tena: 6 kwa 6. Basi hii ni skrini pana.

Yako ikiwa duara kwenye 4:3, nakuomba uiache 4:3. Itoe kwa 768 kwa 576. Najua televisheni za siku hizi ni pana na ile nafasi nyeusi pembeni inakera, lakini ukiwavuta wazee wako ili wajaze skrini, umewabadilisha miili.

Hatua ya pili ni ya wanaohariri. Unapoanzisha mradi mpya, chagua PAL ya skrini pana kabla ya kuingiza klipu hata moja. Mradi ukiwa 4:3 na klipu ni pana, programu inaweza kuweka nyeusi juu na chini, kisha ukipandisha mtandaoni inaongezeka nyeusi ya pembeni, na harusi nzima inabaki kidirisha katikati.

Hatua ya tatu, kutoa faili. Kwenye sehemu ya ukubwa wa fremu andika 1024 na 576. Kama kuna alama ya kufuli kati ya namba hizo mbili, ifungue kwanza, la sivyo ukibadilisha moja nyingine inajibadilisha. Umbo la pikseli liwe mraba, yaani 1. Mimi natumia FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, ni ya bure, na mstari wangu wa amri ni huu hapa:

ffmpeg -i harusi.avi -vf "yadif,scale=1024:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -movflags +faststart harusi.mp4

Scale ndiyo inayovuta, setsar inasema pikseli ni mraba. Yadif inaondoa ile mistari kama meno ya kitana unayoiona mkono unapopita haraka. Faststart inawezesha video kuanza kucheza kabla haijashuka yote, na hilo ni muhimu kwa ndugu anayetazama kwa bando.

Kuna kamera zilizodanganya kidogo: zilirekodi 4:3 zikachora nyeusi juu na chini ndani ya picha. Hizo usizivute kwanza. Kata mistari 72 juu na 72 chini, ibaki 720 kwa 432, kisha itoe kwa 768 kwa 432. Na nyingi za HDV, yaani kamera za kanda zinazorekodi picha kali ya HD, huandika 1440 kwa 1080. Hizo zinavutwa hadi 1920 kwa 1080.

Ukipandisha YouTube usiongeze nyeusi yoyote wewe mwenyewe, kicheza video chao kinajipanga kulingana na umbo la faili. Ukitaka faili nyepesi ya kundi la familia, toa kwa 640 kwa 360, umbo ni lile lile.

Usiifute kanda wala faili ya awali hadi uione mpya kwenye simu. Yangu hii hapa, nimeilaza simu, naweka rula juu ya sinia. Sawa kote kote. Naachilia icheze: nyanya anamaliza kupangusa, anaigeuza upande wa pili, anaukagua, anaiweka mezani.