Mita 60 kutoka wapi? Kilimo na majani ya kandokando ya maji

Haya jamani tuanze, na nyie wa nyuma naona mshashika simu. Nimekuja na vitu viwili tu, hii fremu ya mbao mita moja kwa moja, na huu mmea kwenye mfuko, huo tutaufikia. Fremu unaitupa chini bila kuchagua pa kuangukia, unahesabu aina za majani zilizo ndani yake, basi, hiyo ndo maabara yangu.

Dodoma yetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 600 hivi kwa mwaka mzima, baada ya hapo ni vumbi. Sasa mtu ana pampu na ana kipande kando ya bwawa chenye unyevu mwezi wa nane, utamwambiaje asilime? Mchicha na chainizi mnazokula kiangazi mnadhani zinatoka wapi, mimi mwenyewe nazila.

Watu wanaamini ukilima aina za mimea lazima zipungue. Si kweli, na hapo hata wanafunzi wangu wanateleza kila mwaka. Tupa fremu katikati ya matete mazito ambayo hayajaguswa, unaweza kukuta aina mbili tatu tu kwa sababu matete yanaziba jua. Itupe kwenye tuta lililoachwa wiki tatu, utakuta mchicha pori, kishona nguo, mbigiri, ndago, vurugu tupu, namba imepanda na mwanafunzi anaandika kilimo kimeongeza mimea! Hao unawakuta hata nyuma ya stendi. Ila yungiyungi na mafunjo hawana pa kuhamia, bwawa lingine liko mbali na katikati ni nchi kavu, wanangoja ndege abebe mbegu kwenye matope ya miguu.

Na kinachoua zaidi mimi nasema ni mtaro kuliko jembe. Jembe linakata juu, mizizi na mbegu zinabaki kwenye tope, mbegu nyingine zinalala humo miaka, maji yakirudi zinaota. Mtaro unaondoa maji yenyewe, tope linapasuka, hewa inaingia, hapo mimea ya nchi kavu inajisikia nyumbani. Ongeza mbolea ya urea inayosombwa na mvua ya kwanza, wale wenye pupa ya kukua wanawafunika wapole.

Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa maji. Sawa. Ukingo upi? Wa Machi au wa Oktoba? Kwetu maji yanarudi nyuma kila wiki na mkulima anayafuata na matuta yake, kwahiyo ukipima Oktoba unakuwa ushamruhusu mtu alime palepale ambapo Machi kuna maji ya magoti. Mimi ningepima kwa matete, yalipoishia matete ndo pa kuanzia kuhesabu, shida ni kwamba matete ndo kitu cha kwanza kufyekwa.

Sasa huu mfuko. Hii ni ndago, oneni chini, vitunguu vidogo vimeungana kama shanga. Ukiupiga jembe uzi unakatika na kila shanga inaota peke yake, yani unapalilia huku unapanda. Naipitisha muishike, ila nirudishiwe yote tafadhali, ikidondoka moja kwenye bustani ya maua hapo nje mwenye ukumbi hatatukodisha tena.