Nimesimama juu ya mto (dakika chache tu lakini nimesimama)

LUSAJO: Haya karibuni tena, mi ni Lusajo, tuko hapahapa Mbeya, chumba kilekile, godoro lilelile tumeliegesha ukutani kuua mwangwi, na mvua ikianza kupiga bati mtatusamehe maana hatuna namna. Leo mwenzangu karudi. Kamwene dada Twilumba!

TWILUMBA: Kamwene. We Mnyakyusa umejifunza lini kusalimia?

LUSAJO: Ulivyokuwa haupo, nilikuwa na nafasi. Sasa wasikilizaji, huyu dada alienda Marekani kumsalimia dada yake mwezi wa nane, watu wanarudi na simu, wanarudi na viatu, yeye karudi na kovu kwenye ugoko. Hebu eleza.

TWILUMBA: We soksi si nimekuletea? Haya. Dada anakaa Pueblo, jimbo la Colorado, sasa kuna mto unapita pale unaitwa Arkansas, unatokea juu huko kwenye Milima ya Rocky. Wikiendi moja tukapanda na gari kama saa mbili hivi tukafika kamji kanaitwa Salida, kako mita 2,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, yaani Mbeya yetu na ubaridi wake iko chini ya pale. Nikajua tunaenda kuangalia mto tu. Kumbe dada kashalipia, tunaenda kusimama juu yake.

LUSAJO: Kusimama juu ya mto.

TWILUMBA: Juu ya ubao, ubao uko juu ya mto. Unasimama wima, umeshika kafi moja refu, unapiga kasia umesimama. Na usidhani ni ubao wa mninga, ni wa kujaza upepo, wanauleta umekunjwa kama mkeka, wanaupiga pampu mpaka unakuwa mgumu ukiugonga unalia ko ko. Urefu mita tatu na kidogo, upana kama sentimita 90 hivi, na upepo wanaojaza ni kama nusu ya presha ya tairi la gari dogo. Sikuamini mpaka niliporukia juu yake pale nchi kavu.

LUSAJO: Na huo mchezo asili yake si baharini? Mi nimeona kwenye picha watu wako Zanzibar hivohivo.

TWILUMBA: Asili yake Hawaii, kwenye mawimbi, na miaka ya 2000 ndo ukasambaa kila sehemu, kina Laird Hamilton wale, yule mcheza mawimbi maarufu. Ila mtu kusimama kwenye chombo na kijiti mkononi kwani ni mpya hiyo? Nenda Matema pale Ziwa Nyasa ukaangalie vitoto vinavyosimama kwenye mtumbwi wa gogo moja. Na akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanavusha vyungu kwa mtumbwi kwenda kuuza Matema, vyungu vya udongo bana, kingepinduka hata kimoja si hasara! Mi pale Salida nilikuwa nawafikiria wale mama, nikasema nikianguka nimewaaibisha.

LUSAJO: Na ukaanguka.

TWILUMBA: Tutafika. Kwanza yule mwongozaji...

LUSAJO: Gaidi.

TWILUMBA: Usiseme gaidi Lusajo, watu watadhani nilitekwa. Mwongozaji. Mama wa makamo hivi, mwembamba, jua limemkausha, haongei sana. Saa nzima hatujaingia majini. Anatuvalisha laifu jaketi anaivuta mabegani kwa nguvu kuona kama itapanda usoni, elementi kichwani, viatu vya kufunga, hakuna ndala. Afu kafi. Nyanyua mkono juu, mpini ufike kwenye kiganja, hapo ndo saizi yako. Na lile bapa la kafi limepinda kidogo, mi nikalishika upande ninaodhani una akili, yaani kama kijiko cha kuchota. Kumbe sivyo, linatakiwa liinamie mbele. Kila mgeni anashika kinyume, alituambia hata hakushangaa.

LUSAJO: Na maji yalikuwaje, maana theluji ile...

TWILUMBA: Baridi ya Makete mwezi wa saba, ile ya asubuhi ukikuta majani meupe. Maji yenyewe yanatokana na theluji ya milimani, kule mwezi wa sita ndo mto unajaa kabisa kwa sababu theluji inayeyuka, kwa hiyo wanaoanza wengi wanasubiri mwezi wa nane ukishashuka. Na mto si wote sawa. Wana madaraja, la 1 mpaka la 6, la 1 ni maji yanatembea tu, la 6 hilo hata wataalamu wanaliogopa. Sisi tulikuwa kwenye 1 na vipande vya 2. Juu kidogo ya Salida kuna bonde linaitwa Browns Canyon, pale maji yanaruka kabisa, nikamuuliza yule mama siku moja naweza kupita pale, akaniangalia akacheka hakujibu.

LUSAJO: Haya, kamba. Uliniambia kwenye simu kuhusu kamba nikakosa usingizi.

TWILUMBA: Eeh, hii naomba watu waisikie vizuri hata kama watasahau mengine yote. Ubao una kamba ya kukuunganisha nao usikukimbie ukianguka. Ziwani au baharini unaifunga kwenye kifundo cha mguu na ni sawa kabisa, upepo unaweza kuuchukua ubao ukabaki katikati ya maji peke yako. Sasa kuna kijana alikuja na ubao wake mwenyewe, mzuri kweli, kashajifunga kamba mguuni yuko tayari. Yule mama akaenda akainama akamfungua bila kusema kitu. Yule kijana kakasirika. Ndo akatueleza: mtoni ukianguka, ubao unapita kulia kwa jiwe, we unapita kushoto, kamba inanasa katikati. Maji hayasimami kukusubiri, yanakusukuma kifua na mgongo, na kile kifundo kiko huko chini nyuma yako, unajikunjaje ukifikie? Hujikunji. Unaweza kuzama kwenye maji ya kiunoni.

LUSAJO: Duh.

TWILUMBA: Kwa hiyo mtoni kamba inakaa kiunoni, kwenye mkanda unaovaliwa nje ya laifu jaketi, na mkanda una kidude kimoja kama kitufe cha mbao, ukikivuta mkanda wote unaachia. Alitufanya tukivute tumefumba macho, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mara sijui ngapi, mpaka yule kijana naye akaacha kununa. Mi hapo ndo nikaelewa hela tuliyolipa inalipia nini. Ubao hata mimi naweza kununua. Ila kujua kitu ambacho ziwani kinakuokoa mtoni kinakuua, hicho unamlipa mtu.

LUSAJO: Afu mnaingia.

TWILUMBA: Mnaingia mmepiga magoti. Dakika kumi za mwanzo magoti tu, hakuna shujaa. Afu mguu mmoja, afu wa pili, miguu iachane upana wa mabega, magoti yakunjwe. Unamjua konda wa haisi ya Mwanjelwa kwenda Uyole? Anavyosimama mlangoni, gari inakata kona, mkono mmoja unadai nauli na haanguki? Angalia magoti yake siku moja, hayajanyooka hata kidogo. Ndo hivohivo. Na macho mbele, ukiangalia miguu yako umeshaondoka, sijui kwanini lakini ni kweli, kichwa ni kizito kinakuvuta kinakoenda.

LUSAJO: Na kafi?

TWILUMBA: Kafi ni mguu wa tatu. Mtu akiogopa ananyanyua kafi juu kama anasalimu amri, na hapo ndo anaanguka, maana likiwa ndani ya maji linakushikilia. Afu akatufundisha kusoma maji, hii niliipenda mpaka sasa nikipita darajani Ipogolo nyumbani Iringa naangalia Ruaha Ndogo kwa jicho lingine. Ukiona maji yamechora V ambayo ncha yake inaelekea mto unakoenda, hapo ni njia, katikati ya mawe mawili, pita. Ukiona V ncha inakutazama wewe, hapo chini kuna jiwe limejificha. Na nyuma ya jiwe kubwa maji yanageuka yanarudi, yanatulia, hapo ndo mnapumzikia, mnajibanza kama bajaji zinavyosubiri abiria.

LUSAJO: Na wewe V ilikutazama.

TWILUMBA: Ilinitazama nikaitazama. Sikiliza, chini ya ubao kuna mapezi, mtoni wanaweka mafupi yasigonge mawe, lakini jiwe likiwa juu juu litagonga tu. Basi mi nimeshazoea, nimeanza kuimba, dada ananipiga video, pezi likakamata jiwe. Ubao ukasimama. Mimi nikaendelea na safari! Yaani kama dereva kakanyaga breki ghafla na we umesimama. Na tuliambiwa kuanguka ni kuanguka bapa, kama chapati inavyodondokea kikaangoni, usiingize kichwa wala miguu kwanza kwa sababu hujui kina. Mi nikatanguliza mguu. Ndo hili kovu.

LUSAJO: Afu ukasimama ukajikung'uta.

TWILUMBA: Thubutu! Hiyo ndo nyingine, maji yanayokimbia husimami, mguu ukiingia kati ya mawe mto unakulaza kifudifudi hapohapo. Unalala chali, miguu juu mbele yako, unaenda na maji mpaka pembeni kwenye utulivu. Na ukiona mti umeangukia mtoni unaogelea kuukwepa kwa nguvu zote, matawi yale ni chujio la chai, maji yanapita we unabaki. Yule mama alinidaka laifu jaketi begani, akaniambia kitu kimoja tu, umesahau magoti.

LUSAJO: Sasa swali, limeletwa na msikilizaji, anasema yuko Tukuyu na mto Kiwira unapita jirani, aanze?

TWILUMBA: Hapana ndugu yangu, nakuomba. Kiwira pale Kijungu umepaona? Mto mzima unaingia kwenye chungu cha mwamba, unazunguka, unatokea chini huko. Na pale Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto huohuo, nenda kapige picha urudi nyumbani. Ruaha Mkuu nayo usiniulize, kuna viboko na mamba, wale hawana habari na elementi yako.

LUSAJO: Kwa hiyo Nyanda za Juu hatuna bahati.

TWILUMBA: Mi ningeanzia Matema, ziwani, asubuhi kabla upepo haujaamka, na wenyeji wakuonyeshe wanapoogea maana Ziwa Nyasa nalo lina mamba baadhi ya sehemu karibu na midomo ya mito. Na kichocho kipo, ukirudi kapime. Unazikumbuka zile dawa za shuleni walizokuwa wanatupima urefu na kijiti?

LUSAJO: Nilitapika nje ya darasa la nne, usinikumbushe. Ndaga fijo, asante sana dada. Ila mi naona hii siyo ngumu kihivyo.

TWILUMBA: Ahaa. Shusha hilo godoro. Likunje mara mbili, sasa panda juu. Shika ufagio.

LUSAJO: Sasa sauti itakuwa na mwangwi.

TWILUMBA: Waache wasikie mwangwi. Magoti. Magoti Lusajo! Sasa mi navuta godoro kidogo, ndo mto huo.

LUSAJO: Mbona niko poa tu, ona...

TWILUMBA: Unaangalia miguu.

LUSAJO: Siangalii m...

(kishindo)

TWILUMBA: Nilisema bapa. Hujavunja maiki?

LUSAJO: Maiki nzima. Ufagio ndo sijui tutamwambiaje mama.